Sanduku la Stesheni ya Kintinku

Mwalimu Melkiori alipofika steshenari ya Scholastika pale Utemini asubuhi ile, hakuwa na habari yoyote na Marekani. Alikuja kuchapishiwa ratiba ya misa. Mkewe Lea alikuwa anatimiza miaka mitatu tangu afariki, na watoto walishakubaliana kwenye simu kwamba kumbukumbu ifanyike nyumbani Jumamosi, na kuwe na karatasi ya kugawa yenye picha ya marehemu. Kazi ya karatasi akaachiwa yeye, kwa sababu watoto wake wanaamini mtu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minane hawezi kushindwa na karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Scholastika ni mama wa watu wazima sasa, mwenye miwani na sauti ya kuamrisha mashine, lakini mbele ya Mwalimu Melkiori hurudi kuwa yule msichana wa dawati la mbele aliyefundishwa naye Ikungi. Akamfutia kiti vumbi ambalo halikuwepo. Mwalimu akatoa bahasha ya kaki na kuanza kutafuta ile picha ndogo ya kitambulisho, ambayo Lea mwenyewe aliichukia maisha yake yote kwa kuwa ilimtoa amekunja uso. Badala yake ikateleza nyingine, nyeusi na nyeupe, ikaangukia juu ya kibodi.

Ndani ya picha hiyo kulikuwa na mwanamke mwenye mvi amekaa kwenye benchi. Pembeni yake kulikuwa na jeneza.

"Pole, Mwalimu. Msiba huu ulikuwa wa nani?"

"Siyo msiba. Ni maigizo."

"Na huyu bibi?"

"Ndiye Lea. Ana miaka ishirini na miwili hapo. Hizo mvi ni unga wa mtama."

Scholastika akavua miwani, akaivaa tena, akaangalia upya. Nyuma yake mashine ya kopi ilikuwa inatoa vyeti vya mtu, na mwenyewe alishaondoka kwenda kunywa chai. Kazi haikuwa nyingi. Akavuta kiti chake karibu na kumwambia mwalimu wake asimulie. Mwalimu, ambaye kwa kawaida ukimgusa habari hii hubadilisha mazungumzo akaanza kuzungumzia mvua, siku hiyo hakubadilisha. Labda ni kwa ajili ya ile Jumamosi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Melkiori alikuwa mwalimu kijana, Mnyaturu wa Ikungi aliyepangiwa Kintinku kwa Wagogo, hana mke, ana baiskeli. Wakaambiwa shuleni kwamba anakuja mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Kijiji kikajiandaa kumpokea Mzungu. Treni ikasimama, akashuka dada mweusi tii, mrefu, mwenye nywele za kusimama. Wazee waliokuwa stesheni wakaendelea kumsubiri Mzungu ashuke nyuma yake.

Jina lake lilikuwa Ernestina, wakamwita Madamu. Siku za mwanzo akina mama walimpa shida kweli. Walikuwa wakimsalimu "Mbukwenyi" naye anatabasamu tu, wakasema huyu msichana wa watu ana kiburi, maana usoni alifanana kabisa na wao na hawakuona kwa nini asijue kuitikia. Haukupita mwezi akawa anaitikia vizuri kuliko Melkiori. Alicheka kwa mwili mzima na hakujua kupuliza moto.

Kwenye begi lake alikuwa na tamthilia. Ilipigwa chapa, kurasa zimelegea kwa kushikwa, na juu kabisa kulikuwa na jina la mwandishi: Luvenia Stokes. Huyo alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake. Madamu alieleza kwamba huko kwao watu weusi walikuwa na majumba yao ya maigizo, na waandishi wao, na wachezaji wao waliokuwa wakifua nguo za watu mchana na kucheza jioni. Melkiori alisikiliza hayo mdomo wazi. Maigizo aliyoyajua yeye yalikuwa ya Wazungu waliovaa soksi ndefu, aliyokaririshwa chuoni na fimbo juu.

Hadithi ilikuwa fupi. Kijana mweusi anaondoka kusini, kwenye mashamba ya pamba, anapanda treni kwenda kaskazini kutafuta kazi ya kiwandani. Anafia huko. Wenzake wanamrudisha kwa treni ndani ya sanduku. Mama yake anakuja stesheni kumpokea, lakini chumba cha kusubiria ni cha Wazungu, na mkokoteni wa stesheni ni wa mizigo ya Wazungu, kwa hiyo anakaa na mwanawe kwenye benchi la nje. Basi. Madamu na Melkiori waliigeuza Kiswahili jioni baada ya jioni kwenye meza ya stafu, wakibishana juu ya maneno, na Melkiori ndiye aliyeipa jina la Sanduku la Stesheni.

Nakala ilikuwa moja na mashine ya kurudufu hawakuwa nayo. Hivyo wakafanya walivyoweza: Melkiori aliandika kila kitu kwenye karatasi za daftari, kisha wakazikata kwa wembe, kila mchezaji akapewa vipande vya maneno yake tu. Ukurasa wa mwisho Madamu hakumpa mtu. Melkiori alipouomba ili autafsiri, alimwambia, "Ule hauna maneno." Akaurudisha kwenye begi.

Lea alikuwa mhudumu wa zahanati. Alichaguliwa kuwa mama kwa sababu alikuwa na sauti, na kwa sababu Melkiori, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo, alisimamia uchaguzi huo kwa juhudi ambazo kila mtu alizielewa isipokuwa Lea. Antipasi, fundi seremala, alitengeneza jeneza la mbao za masanduku ya chai. Madamu alitaka liwe zito, lionekane zito, kwa hiyo likatiwa mawe kutoka relini.

Walicheza Jumapili baada ya misa, mchana, ndani ya ghala la kijiji karibu na stesheni, mapazia yakiwa mashuka ya zahanati. Watu walijaa mpaka milangoni. Kabla ya kuanza, Madamu alimwambia Lea jambo moja, na Melkiori alilisikia: "Ukimaliza neno lako la mwisho, kaa. Pazia halifungwi. Kaa mpaka nikwambie."

Na neno la mwisho lilikuwa hili. Lea aliweka mkono juu ya lile sanduku, akawatazama watu, akasema, "Nani atanisaidia kumpeleka nyumbani?"

Kisha akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nani anapiga makofi msibani? Ghala zima lilinyamaza, mtoto mmoja akakohoa, na Lea amekaa tu, unga wa mtama ukimdondokea mabegani. Melkiori nyuma ya shuka alikuwa anamkodolea macho Madamu, akitaka ishara ya kufunga, na Madamu anatikisa kichwa. Dakika zikapita. Halafu bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye majamvi, "Mnaangalia nini? Mama wa watu amekaa na maiti peke yake na wanaume mpo!"

Mzee Chidawali akainuka. Akafuata Hosea wa relini. Wakainuka wengine wanne. Wakapanda pale mbele bila kuvua viatu wala kuomba ruhusa, wakashika jeneza pande zote, wakalinyanyua pamoja na mawe yake, wakatoka nalo nje kwenye jua. Wanawake wakaanzisha wimbo wa kuzika. Lea, aliyeambiwa akae, alishikwa mikono huku na huku na akina mama wawili akatolewa kama mfiwa kweli, analia kweli, na hata yeye hakuwahi kueleza vizuri alikuwa anamlilia nani.

Melkiori alifanya nini? Hapa Mwalimu aliizungusha kofia yake magotini. Melkiori aliwakimbilia. Aliruka benchi, akatoka mbio nyuma ya msafara ule, mikono juu, anapiga kelele, "Rudini! Bado haijaisha! Rudisheni sanduku!"

Scholastika alicheka mpaka akaegemea mashine ya kopi. Mwalimu naye akacheka, lakini kidogo.

Walikuwa wamefika karibu na kanisa alipowapata. Alimfokea mzee Chidawali mbele za watu, jambo ambalo mpaka leo linamchoma. Akamwambia hayo ni maigizo, ndani kuna mawe, mmetuaibisha mbele ya mgeni. Mzee alilishusha jeneza taratibu, akajifuta jasho.

"Mwalimu, najua ni mawe," alisema. "Nilimwona Antipasi akiyatia. Lakini mama alikuwa anauliza."

Aliporudi ghalani alimkuta Madamu nyuma ya ukuta, amekaa chini, uso kwenye viganja, analia hasa. Melkiori akaanza kuomba radhi: hawa ni watu wa shamba, Madamu, hawajui maigizo, wameiharibu kazi ya shangazi yako. Madamu alimshika mkono akawa anasema "Hapana, hapana," na Kiswahili chote kikamkimbia, akaongea Kiingereza cha haraka cha kwao ambacho Melkiori hakukishika hata neno. Alichoshika ni lile hapana.

Siku tatu baadaye ikaja simu ya upepo kwamba shangazi yake ni mgonjwa na Madamu anatakiwa nyumbani. Kijiji kizima kilikwenda kumsindikiza stesheni. Melkiori hakwenda. Alijifungia ndani na madaftari ya kusahihisha, akasikia treni ikija, akasikia treni ikiondoka. Lea alikwenda, na aliporudi akamwambia Melkiori kwamba Madamu amemkumbatia na kusema, "Asante kwa kukaa." Akamwambia pia, "Yule hakukasirika, Melkiori. Yule alifurahi." Melkiori akajibu kwamba mtu aliyefurahi halii vile.

Walioana mwaka uliofuata. Walihama Kintinku, wakakaa Ikungi, wakaja Singida mjini, wakazaa, wakastaafu. Habari ile ikawa ugomvi wao mdogo wa nyumbani, ule ambao kila ndoa ina wake. Lea akitaka kumtania anapofoka, alikuwa akiinua mikono juu na kusema, "Rudini! Bado haijaisha!" na watoto wanacheka bila kujua wanacheka nini. Kila alipotulia alimwambia lilelile: alifurahi. Na yeye kila mara alinyamaza. Mtu aliniletea kitu cha kwao, alikuwa akiwaza, nikashindwa kukilinda, na hata kwaheri nikamnyima. Aliwaza hivyo hadi uzee, na alitamani sana kabla hajafa ampate mtu wa kumwomba msamaha.

"Mwandishi uliniambia ni nani?" Scholastika aliuliza. Alikuwa ameshageukia kompyuta.

Mwalimu hakuwa na haja ya kukumbuka. Ndani ya bahasha ileile kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha Lea, na ndani ya kitabu vile vipande vya daftari vilivyokatwa kwa wembe, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe enzi za ujana, wino umegeuka kahawia. Lea alivitunza. Kipande cha juu kilikuwa na jina. Akalisoma herufi moja moja, Scholastika akaandika.

Mtandao wa asubuhi ile ulikuwa mzito. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, Scholastika akaugombeza mtandao wenyewe. Halafu ukafunguka ukurasa wenye picha za kizamani: watu weusi wamevaa kofia za maigizo, mabango, kurasa zilizopigwa chapa. Ilikuwa maktaba ya mtandaoni, Mwalimu akasoma kwa sauti, ya tamthilia za Wamarekani weusi na waandishi wao. Majina yalikuwa mengi, mamia, yamepangwa kwa alfabeti, kila mmoja na picha yake na maisha yake. Mwalimu Melkiori aliusogelea uso wa kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa. Miaka yote alidhani ile tamthilia ni yatima, karatasi za kwenye begi la msichana mmoja, kumbe ilikuwa na ukoo wote huu.

Kwenye herufi S alikuwepo Luvenia Stokes. Mama mnene, miwani, kofia yenye ua. Alifariki mwaka wa themanini na tatu. Chini yake pameandikwa kwamba kanda za sauti zake zilitolewa na familia ya mpwa wake, marehemu Ernestina.

"Ah," alisema Mwalimu. Akavua kofia, ambayo alikuwa ameshaivaa tena bila kujua. Basi hata huyo wa kumwomba msamaha hayupo. Scholastika akamwambia pole, na alimaanisha.

"Kuna sauti hapa, Mwalimu. Niifungue?"

Aliifungua. Kwanza mkwaruzo, kisha kicheko, na kile kicheko Mwalimu alikijua, kilikuwa cha mwili mzima. Aliyekuwa akicheka alikuwa ni shangazi mtu. Kijana wa kiume alikuwa anamuuliza maswali kuhusu tamthilia zake, mwaka wa themanini na mbili. Mwalimu aliinua kidole, Scholastika akazima mashine ya kopi, na mzee akawa anasikiliza na kutafsiri kidogo kidogo, kama anavyotafsiri kwa darasa.

"Anasema... watu wanamuuliza kwa nini mwisho wake pazia halifungwi. Anasema aliandika kwenye ukurasa wa mwisho: pazia libaki wazi, mama akae, wachezaji wasiambiwe sababu. Anasema... alitaka kuona kama kuna mtu atakayeinuka."

"Anasema waliicheza Chicago siku saba, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Siku ya kwanza watu walipiga makofi sana, wakavaa makoti yao, wakaenda zao. Siku ya pili vilevile. Siku zote saba. Mchezaji wake alikuwa anabaki pale na sanduku mpaka mfagizi anaingia." "Huyo kijana anamuuliza, hakuna aliyewahi kuinuka?"

Kanda ilikwaruza. Mtandao ukasimama hapohapo, kiduara kikaanza kuzunguka, na Scholastika akasema neno ambalo hakufundishwa na Mwalimu. Kisha sauti ikarudi.

Safari hii Mwalimu hakutafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Scholastika akamgusa bega.

"Amesemaje?"

"Amesema mpwa wake alirudi kutoka Afrika akamwambia kuna kijiji cha reli ambako waliinuka. Wanaume sita. Wakalibeba mpaka kanisani." Alikuwa anaongea polepole sana. "Amesema ni habari nzuri kuliko zote alizopata kusikia. Lakini Ernestina alikuwa mtoto mwenye huruma, na yeye wakati ule alikuwa mgonjwa kitandani. Kwa hiyo hajui. Hajui kama ni kweli, au mtoto alitaka tu kumfurahisha."

Akalia. Alilia bila kujificha, mzee wa miaka sabini na mbili, kwenye kiti cha plastiki, na yule mwenye vyeti aliyekuwa anarudi kutoka chai akachungulia mlangoni akaamua kwenda kunywa kikombe cha pili. Alimlilia yule mama wa Chicago aliyekufa na shaka yake. Alimlilia Ernestina, aliyekwenda kusema kweli akaonekana ana huruma. Na alijililia mwenyewe, kwa kuwa katika watu wote wa Kintinku waliokuwa ghalani siku ile, mmoja tu ndiye aliyekuwa hajaelewa, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi.

Scholastika aliteremsha ukurasa mpaka chini. Palikuwa na anwani, na maneno: mwenye picha, barua au kumbukumbu yoyote ya maonyesho ya tamthilia hizi, popote duniani, atuandikie.

"Mwalimu, tuandike?"

"Kwa nani? Wote wamekufa."

"Hawa wa maktaba hawajafa. Wameweka sauti yake inasema hajui, na kila anayefungua anaisikia hivyo. Wewe unajua."

Mwalimu alijifuta uso kwa leso. Ukimwambia mwalimu kwamba mahali fulani kuna jibu limeachwa wazi na yeye analo, huwezi kumzuia. Akakaa sawa, akavuta pumzi, akaanza kusema kwa Kiingereza kilichonyooka, alama za vituo akizitaja, na Scholastika akawa anapiga chapa kwa kasi ya mtu aliyekuwa dawati la mbele.

Alisema yeye ni Melkiori wa Singida, Tanzania, na alikuwepo. Alisema ni kweli. Akawataja wote sita: mzee Chidawali, Hosea wa relini, Amosi, Clement, Alute aliyekuwa mpita njia tu, na Antipasi, fundi wa lile jeneza, aliyeyatia mawe kwa mkono wake na bado akainuka. Alisema walijua ni maigizo. Hilo alilirudia mara mbili, na akamtaka Scholastika alipigie mstari. Akaandika maneno ya mzee Chidawali kama yalivyosemwa. Akasema mwanamke aliyekaa ni Lea, na picha yake, ambayo Scholastika alikwisha kuipitisha kwenye skana, imeambatanishwa. Mwisho akaeleza kwamba kuna mtu mmoja aliyewakimbilia akiwaambia warudi, na kwamba mtu huyo ni yeye, na anaomba radhi kwa Madamu Ernestina kwa kutokwenda stesheni.

Scholastika aliisoma yote kwa sauti. Kisha akapeleka kishale kwenye kitufe cha kutuma.

"Subiri," alisema Mwalimu. Alikuwa ameichukua ile picha, anaitazama, kidole gumba kikiwa juu ya benchi. "Ongeza sentensi moja."

"Nakusikiliza."

"Andika: mke wangu aliniambia hivyo kwa miaka arobaini na mitatu, na mimi sikumsikiliza."

Scholastika akaandika, akatuma. Halafu akamuuliza, ile ratiba ya misa sasa aweke picha ipi, na Mwalimu akamkabidhi hiyo.